Kwa nini mpira wako ulikaa hewani sekunde 4 badala ya 2

Msomaji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Niko Senior Five, nasoma fizikia, kemia na hesabu. Mambo mawili yananisumbua. Tuliambiwa kwamba jiwe lililorushwa mlalo na jiwe lililoachiwa tu lidondoke, kutoka kimo kilekile, yanafika chini wakati mmoja. Sikubali, kwa sababu lile la kurushwa linapita njia ndefu zaidi. Halafu tulipewa mpira uliopigwa kwa mita 20 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini, tutafute muda utakaokaa hewani. Nilipata sekunde 4, kitabu kinasema 2. Nimerudia mara tatu. Nimekosea wapi?"

Mwanangu, nianze na hizo sekunde 4, maana zimenionyesha ulichofanya hata kabla sijaona daftari lako. Ulichukua 20, ukaigawa kwa 10 ya mvutano wa dunia, ukapata sekunde 2 za kupanda, ukajumlisha 2 za kushuka. Hesabu hiyo haina kosa lolote, ila ni ya mpira mwingine: ule uliopigwa wima kabisa, ukaenda angani ukarudi kukuangukia utosini. Mpira wako ulipigwa kwa mshazari. Ile 20 haikuwa ya kupanda peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa inaenda mbele, na kilichokwenda mbele hakisaidii kupanda.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Barabarani tunasema "spidi" kwa kila kitu. Bodaboda mmoja anatoka Tororo kwenda Malaba, mwingine anatoka Malaba kuja Tororo, wote mshale uko kwenye 50. Tutasema wana spidi moja, na ni kweli. Lakini nikikuuliza baada ya dakika kumi kila mmoja yuko wapi, hiyo 50 peke yake haikusaidii. Lazima ujue na upande. Kipimo kinachohitaji namba pamoja na upande ndicho vekta. Kipimo kinachotosheka na namba tu, kama kilo za sukari au shilingi zilizo mfukoni, ni skala. Mwanafunzi akisahau tofauti hiyo hujumlisha vekta kama anajumlisha sukari.

Sasa, kuigawa vekta ya mshazari katika sehemu mbili. Wengi wanaona kama ujanja wa mtihani, nami sipendi wanavyofundishwa: wanapewa "sini" na "kosini" kabla hawajaona kitu kinachogawanywa. Wewe fanya hivi. Chukua kijiti cha sentimita 20, kichomeke ardhini kikilala kwa nyuzi 30. Siku za karibu na tarehe 21 Machi au 22 Septemba, kama saa saba kasorobo mchana, jua letu hapa karibu na ikweta linakuwa utosini hasa. Kivuli cha kijiti kitaanguka chini yake moja kwa moja. Kipime kivuli: utapata sentimita 17.3. Pima ncha ya juu iko kimo gani kutoka ardhini: sentimita 10. Basi. Kivuli ndicho sehemu ya mlalo, kimo cha ncha ndicho sehemu ya wima. Mdudu anayetembea juu ya kijiti mpaka nchani, na mwingine anayefuata kivuli sentimita 17.3 kisha akapanda ukuta sentimita 10, wanakutana palepale.

Kosini ya pembe ni kivuli ukigawa kwa urefu wa kijiti, na sini ni kimo cha ncha ukigawa kwa urefu huohuo. Kosini ya nyuzi 30 ni 0.866, na sini yake ni 0.5, ndizo zilizotupa 17.3 na 10. Angalia lakini usikariri kwamba "wima ni sini". Hiyo ni kweli pembe ikiwa imepimwa kutoka ardhini. Mtunga mtihani akikupa pembe iliyopimwa kutoka kwenye mstari wa wima, zinabadilishana, na hapo ndipo waliokariri wanapoumia. Chora kijiti na kivuli chake kila mara. Dakika moja ya kuchora ni bei rahisi.

Kwa hiyo mpira wako ulianza kupanda kwa mita 10 kwa sekunde, siyo 20. Mvutano unaupunguzia mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, hivyo baada ya sekunde 1 umeacha kupanda, na baada ya nyingine 1 uko chini. Jumla 2, kama kitabu chako. Muda huo wote ulikuwa unaenda mbele kwa mita 17.3 kwa sekunde, ukatua mita 34.6 kutoka ulipopigwa. Kwa hesabu yako ya kwanza ungeenda mbele kwa 20 kwa sekunde 4, yaani mita 80. Umewahi kuona shuti la kawaida la mwanafunzi likivuka mita 80 za uwanja? Jibu likikutoka, lipeleke uwanjani kwanza kabla ya kulipeleka kwa mwalimu.

Sasa nije kwenye ubishi wako wa mawe mawili, ambao naupenda kuliko swali la hesabu. Umesema njia ndefu lazima ichukue muda mrefu. Ungekuwa sahihi kama kasi ingebaki ileile. Haibaki.

Mimi nakaa Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani, kwa hiyo niruhusu nitumie mtumbwi. Tuseme mto una upana wa mita 120 na unapiga kasia kwa mita 1.5 kwa sekunde, omo ya mtumbwi ikielekea ng'ambo moja kwa moja. Maji yakiwa yametulia utavuka kwa sekunde 80. Sasa mkondo uanze kwenda kwa mita 1 kwa sekunde, wewe usibadilishe kitu. Katika sekunde 80 zilezile mkondo unakusukuma mita 80 chini, na unatua mbali na pale ulipolenga. Njia uliyopita kweli ni ndefu zaidi: kwa kanuni ya Pythagoras ni mita 144. Lakini angalia na kasi yako, kama anavyokuona mtu aliyesimama ukingoni: 1.5 ya kuvuka na 1 ya mkondo, zikiunganishwa kwa kanuni hiyohiyo, zinakuwa 1.8. Gawa 144 kwa 1.8. Sekunde 80! Njia imerefuka, na kasi imekua kwa kiasi kilekile. Mkondo hata ungekuwa mara tatu ungekutupa mbali zaidi, ila usingekuchelewesha hata nukta moja kufika ng'ambo, kwa sababu mkondo hausukumi kuelekea ng'ambo wala kutoka ng'ambo.

Mawe yako ni hivyohivyo. Kwenda mbele ndio mkondo. Kuanguka ndio kupiga kasia. Tofauti ni moja tu, kwamba mpiga kasia huyu anaongeza nguvu kila nukta, maana jiwe linaanguka kwa kasi inayozidi kukua. Mvutano wa dunia unavuta kwenda chini, hauna mkono wa pembeni. Hauwezi kulisukuma jiwe mbele wala kulirudisha nyuma, na mwendo wa mbele hauwezi kulibeba jiwe lisianguke. Pande mbili hizi hazijuani. Kitu kimoja tu wanachoshiriki ni saa: jiwe likigusa chini, safari zote mbili zimekwisha kwa pamoja.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta sarafu mbili za shilingi 200 na rula. Weka rula kwa mshazari ukingoni mwa meza, ncha moja ikichungulia nje kidogo. Sarafu ya kwanza ikae juu ya hiyo ncha iliyo nje. Ya pili ikae juu ya meza, kati ya rula na ukingo, karibu kabisa na ukingo, ikigusana na ubavu wa rula. Bana rula kwa kidole mwisho wa pili, kisha igonge kwa ghafla ubavuni, upande usio na sarafu. Rula itachomoka chini ya sarafu ya kwanza, nayo itadondoka wima. Ya pili itarushwa mbali. Fumba macho, usikilize. Utasikia mlio mmoja. Meza ya sentimita 80 inazipa sarafu zote mbili sekunde 0.4 tu, na katika muda mfupi hivyo sikio ni hakimu mzuri kuliko jicho. (Sakafu iwe ya saruji na iwe sawa. Nilipoanza kufundisha niliwahi kulifanya jaribio hili kwenye darasa la sakafu ya udongo, wanafunzi sitini kimya kabisa, na hakuna aliyesikia chochote.)

Ubishi wako, usione haya, ni wa watu wakubwa. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walidhani kwamba risasi ya mzinga inaenda moja kwa moja mpaka msukumo wake uishe, ndipo ianguke. Nimeuona mchoro huohuo kwenye madaftari ya Uganda: mstari mnyoofu, kona, kisha chini. Galileo Galilei ndiye aliyeutenganisha mwendo kuwa sehemu mbili, ya mlalo isiyobadilika na ya wima inayobadilika, akaonyesha kwamba ukiziunganisha unapata parabola, yaani mkunjo unaopanda na kushuka kama upinde. Kazi hiyo ilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, mwenyewe akiwa amefungiwa nyumbani kwake Italia.

Kuna njia nyingine ya kuiona parabola, na mimi huipenda zaidi kwa sababu haina haja ya sini kila saa. Jiulize: kama dunia isingevuta, mpira wako ungekuwa wapi? Ungefuata mstari mnyoofu wa mshazari. Baada ya sekunde 1 ungekuwa mita 17.3 mbele na mita 10 juu. Baada ya sekunde 2, mita 34.6 mbele na 20 juu. Sasa rudisha mvutano. Katika sekunde 1 kitu chochote kinaanguka mita 5, katika sekunde 2 mita 20. Toa. Sekunde ya kwanza: 10 kutoa 5, uko mita 5 juu, ndicho kilele chake. Sekunde ya pili: 20 kutoa 20, uko ardhini. Mpira ulikuwa unaanguka tangu mguu ulipouachia, hata ulipokuwa unapanda. Ulikuwa unaanguka kutoka kwenye ule mstari mnyoofu.

Hapo unaelewa na jambo la embe ambalo watoto wangu hawakuliamini mpaka nilipowachorea. Unalenga jiwe moja kwa moja kwenye embe lililo juu mtini, bila kulenga juu yake. Nukta unayoachia jiwe, kikonyo kinakatika na embe linaanza kuanguka. Jiwe litalipata tu, mradi lina kasi ya kutosha kulifikia kabla halijagusa chini. Kwa nini? Jiwe linaanguka kutoka kwenye mstari wa kulenga kwa kiasi kilekile embe linavyoanguka kutoka kwenye tawi. Embe likikaa tulivu ndipo unapokosa.

Neno moja kuhusu kileleni, kwa sababu mitihani inapenda kutega hapo. Mpira ukifika juu kabisa, wengi wanaandika "kasi ni sifuri". Sehemu ya wima ndiyo sifuri. Ile 17.3 ya mbele bado ipo nzima. Vinginevyo mpira ungesimama hewani kisha ukadondoka kama tofali. Na mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde, pia hauwi sifuri kileleni: ni 10 kwenda chini, kama ulivyokuwa mwanzo na utakavyokuwa mwisho. Mvutano haupumziki ili mpira ugeuke.

Jaribu sasa kubadilisha pembe iwe 60, kasi ileile 20. Kijiti kimesimama zaidi: wima ni 17.3, mlalo ni 10. Muda hewani unakuwa sekunde 3.46, na masafa ni mita 34.6. Umbali uleule! Pembe mbili zinazojumlika kuwa 90 zinatua mahali pamoja, moja kwa kuwahi na nyingine kwa kukawia. Golikipa kama Denis Onyango anapopiga mpira mbele anachagua kati ya hizo mbili bila kalamu: wa chini unafika kabla mabeki hawajajipanga, wa juu unawapa washambuliaji wake muda wa kukimbilia unapoangukia.

Katikati ya 30 na 60 kuna 45, ambako masafa ni makubwa kuliko yote. Niccolò Tartaglia wa Italia alikwisha kulisema hilo la nyuzi 45 mwaka 1537, miaka mia moja kabla ya Galileo kutoa sababu kamili. Mwanafunzi mjanja ataniuliza: basi kwa nini warusha mkuki hawarushi kwa 45? Julius Yego, jirani yetu wa Kenya, alirusha mita 92.72 kwenye mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2015. Kwa hesabu yetu isiyojali hewa, kwa pembe ya 45, umbali huo unahitaji mita 30 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 100 kwa saa kutoka kwenye mkono wa mtu. Warusha mkuki wakubwa huachia kwa nyuzi thelathini na kitu. Mkono wa binadamu unatoa kasi kubwa zaidi ukirusha chini kidogo kuliko ukirusha juu, mkuki unaanzia juu ya bega badala ya ardhini, na hewa yenyewe inaubeba. Kanuni ya 45 ni ya kitu kinachoanza na kutua usawa mmoja, kwa kasi isiyotegemea pembe, pasipo hewa. Ikikosekana hata moja kati ya hizo, 45 inapoteza ufalme wake.

Hewa nimekuwa nikiisukuma pembeni, na kitabu chako pia. Mpira halisi kwenye mita 20 kwa sekunde unazuiwa na hewa kwa kani isiyo ndogo ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hautafika zile 34.6, na utashuka kwa mshazari mkali kuliko ulivyopanda. Jiwe dogo zito linasamehewa zaidi. Kuhusu ile 10, thamani iliyo karibu na ukweli ni 9.8, kwenye ikweta, pale Kayabwe njia ya Masaka, ni kama 9.78, na kwenye ncha za dunia 9.83. Ukitumia 9.8 mpira wako unakaa hewani sekunde 2.04. Tumia ile mtihani unayokupa, usibishane nao.

Sasa panda nami mwamba wa Tororo, kwa sababu hapa ndipo alama nyingi zinapopotea. Tuseme umesimama mahali palipo mita 15 juu ya shamba tambarare, unaupiga mpira uleule, 20 kwa nyuzi 30, utue shambani. Usigawe safari kuwa kupanda, kushuka mpaka usawa wako, kisha kushuka mpaka shambani. Inawezekana, lakini ni kukata kuku vipande vingi bila sababu. Chora safu mbili kwenye karatasi, moja ya mlalo na moja ya wima, na namba ya safu moja isivuke kwenda nyingine isipokuwa muda. Amua kwamba juu ni chanya na ushikilie hapohapo mpaka mwisho. Mwanzo wa wima ni chanya 10, mchapuko ni hasi 10, na mahali pa kutua, kutoka mguuni kwako, ni hasi 15. Basi:

−15 = 10t − 5t²

Gawa kwa 5 na upange: t² − 2t − 3 = 0. Majibu ni 3 na −1. Wanafunzi huikata hiyo −1 kwa haraka kama takataka, nami naona ni hasara. Inasema kwamba mtu aliyesimama shambani, nyuma yako kidogo, angeweza kuupiga mpira sekunde 1 kabla, ukapita pale ulipo wewe ukiwa na kasi na upande uleule uliouanzishia. Parabola ni moja tu. Wewe umeingilia njiani. Jibu la swali ni sekunde 3, na umbali ni 17.3 mara 3, yaani mita 52.

Ukitaka kujihakiki, tafuta kasi ya kutua. Wima: 10 kutoa 30, ni hasi 20. Mlalo bado 17.3. Kwa Pythagoras, 400 na 300 ni 700, kipeuo chake cha pili ni 26.5. Kisha ipate kwa njia ya nishati, bila pembe kabisa: kasi ya mwanzo mara yenyewe ni 400, ongeza 2 mara 10 ya mvutano mara 15 za kimo, unapata 700. Njia mbili zisizofanana zimefika kwenye namba moja, kwa hiyo funga daftari.

Lakini kabla ya kufunga, rudia safari hiyo ya mwambani kwa nyuzi 60. Uwanjani tuliona 30 na 60 zikitua pamoja. Juu ya mwamba haziko hivyo, na nataka ujieleze mwenyewe kwa nini ile ya chini imeshinda. Unatakiwa kupata sekunde 4.18 na mita 41.8. Ukipata sekunde 4.65, rudi kwenye kijiti na kivuli chake: umeingiza tena ile 20 nzima kwenye safu ya wima.